Ndege Nzima, Maandishi Mabovu: Kutafuta Hitilafu Ndani ya Vifupisho vya Hanga

"ASI U/S." Rubani alikuwa ameandika hivyo tu, herufi tano na mkwaju mmoja, akapiga saini na kwenda zake kutafuta chai. Ndege yenyewe ilikuwa Cessna Caravan iliyorudi Kajjansi, kiwanja kidogo karibu na Kampala, kutoka kiwanja cha vumbi huko Karamoja. ASI ni geji ya mwendo wa ndege hewani. U/S maana yake haifai kazi. Kijana wa zamu akafanya alichoambiwa: akatoa geji, akafunga nyingine kutoka stoo, akaandika R/R, yaani ya zamani imetolewa na nyingine imewekwa, injinia akasaini. Kesho yake ndege ikarudi na maneno yale yale. Geji ya pili nayo ikatolewa. Siku ya tatu ndipo mzee mmoja wa hanga, banda la kutengenezea ndege, akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria: ndege hii ililala wapi wiki iliyopita, na ilivikwa kifuniko cha pitot, ule mrija wa nje unaopokea hewa ya mbele? Haikuvikwa. Nyigu wa matope alikuwa amejenga nyumba yake ndani ya mrija wa pitot, na hewa iliyotakiwa kuisukuma sindano haikuwa inafika.

Geji mbili nzima zilipelekwa karakana kupimwa. Rubani hakusema uongo, na kijana hakuzembea. Kosa lilikuwa kwenye U/S. Yule rubani aliona sindano ya kushoto ikikataa kupanda wakati ndege inakimbia kwenye njia, huku ya kulia ikipanda vizuri. Hiyo ndiyo dalili. Yeye akaandika hukumu.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata utaratibu uleule wa kutafuta hitilafu, dalili kwanza kisha sababu, ila kinachochunguzwa ni maandishi. Ukifanya kazi Entebbe au Kajjansi utanielewa. Zamu moja ina Mganda aliyetoka chuo cha anga cha Soroti, kile kilichoanzishwa 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima, ina Mkenya aliyekulia uwanja wa Wilson, Nairobi, ina Mtanzania, na pengine mgeni aliyekuja na mkataba wa miezi sita. Tunaongea Kiswahili, tunaandika herufi za Kiingereza, na kila mmoja amekuja na herufi za mwajiri wake wa zamani. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, lina hati yake ya vifupisho, Doc 8400, lakini hiyo imeandikwa kwa ajili ya huduma za usafiri wa anga. Lugha ya hanga haina kamusi moja ya dunia nzima. Mahali pa kwanza pa kutazama ni orodha ya vifupisho iliyo kurasa za mwanzo za AMM, kitabu cha matengenezo cha ndege unayoishika, zile kurasa ambazo wengi wetu huzipita haraka.

Dalili: umebadilisha kifaa, hitilafu imerudi

Angalia kwanza neno lililotumika kwenye logi, daftari la hitilafu za ndege. U/S na INOP husema kitu hakifanyi kazi, lakini havisemi kimekataaje, lini, wala ndege ilikuwa katika hali gani. Ukikuta "RADIO 2 U/S", usifungue kisanduku cha vifaa bado. Mpigie rubani kabla hajafika Kampala. Je, haisikii, au haisikiki? Ilikataa tangu mwanzo, au baada ya kupita kwenye mvua? Ukimkosa, andika kwenye logi ulichokikuta wewe, ili anayefuata asianze na neno U/S peke yake.

Sababu ya pili, na hii ndiyo inayokula pesa nyingi, ni NFF. Maana yake hitilafu haikupatikana. Wengine huandika CND, kwamba hitilafu imeshindwa kujirudia mbele ya fundi, na wengine huandika GND CHK OK, kwamba imepimwa chini na iko sawa. Vyote vitatu husomwa na zamu inayofuata kama "ndege imepona." Ni kama mgonjwa anayefika zahanati homa imeshuka. Kutokuona homa saa hiyo hakumaanishi malaria imeondoka.

Fikiria mazingira. Kwenye futi 35,000 hewa ya kawaida ni nyuzi 54 chini ya sifuri. Uwanja wa Entebbe mchana uko karibu nyuzi 27 juu ya sifuri, na unyevu wa ziwa juu yake. Pini ya konekta iliyolegea hujikunyata huko juu na kuachana na mwenzake, ikishuka hupanuka na kugusana tena. Wewe unaipima ikiwa imeshagusana. Unaandika OK, na kwa hakika ni OK, kwa dakika hiyo.

Kwa hiyo unapokuta NFF kwenye historia ya hitilafu, usianze na LRU. LRU ni kile kisanduku kilichotengenezwa makusudi kitolewe na kubadilishwa upesi bila kuifungua ndege, na upesi huo ndio unaotuponza. Anza na konekta: imekaza, ina kutu ya kijani, kuna pini iliyorudi nyuma? Fuata waya hadi mahali unapopita kwenye kona au chini ya kishikizo, maana hapo ndipo ngozi yake huliwa. Kama mfumo una pande mbili na kitabu kinaruhusu, badilishana kifaa cha kushoto na cha kulia, uandike S/N zote mbili, yaani namba ya pekee ya kila kifaa, na mahali kila kimoja kilipokwenda. Hitilafu ikihama na kifaa, kifaa ndicho mgonjwa. Ikibaki upande uleule, mgonjwa ni waya. Nimeona watu wakibadilishana vifaa bila kuandika S/N, na baada ya safari tatu hakuna aliyejua kipi kilitoka wapi. Hapo hata NFF inakuwa na nafuu.

Jihadhari pia na BITE, yaani kifaa kujipima chenyewe na kutoa ujumbe wa hitilafu. Ndege inapohamishwa kutoka umeme wa GPU, ile jenereta ya ardhini, kwenda APU, injini ndogo ya mkiani, umeme hutikisika kidogo. Mtikisiko huo unaweza kuacha ujumbe kadhaa ambao si hitilafu ya kweli. Ujumbe wa namna hiyo huondoka ukifutwa na kipimo kikirudiwa umeme ukiwa umetulia. Ujumbe unaorudi ndio wa kufuatilia.

Nikirudi kwa nyigu wetu kidogo: mrija wa pitot hausafishwi kwa kupuliza hewa ukiwa bado umeunganishwa na geji. Tenganisha mstari kwanza. Hewa ya kompresa itaua kwa sekunde moja geji ambayo nyigu alishindwa kuiua kwa wiki nzima.

Dalili: kipuri kimefika, lakini si hicho

Hapa sababu karibu zote ni herufi zilezile zenye maana mbili.

FCU kwa mtu wa Caravan na injini yake ya PT6A ni kifaa kinachopima mafuta yanayoingia kwenye injini. FCU kwa mtu wa Airbus ni ile paneli iliyo chini ya kioo cha mbele, ambako rubani huchagua mwendo, uelekeo na kimo. Mtu wa stoo aliyetoka upande wa ndege kubwa akipigiwa simu usiku na kuambiwa "nahitaji FCU, ni AOG," yaani ndege imesimama chini haiwezi kuruka, ataanza kutafuta kitu kingine kabisa. AOG inafanya watu wakimbie, na mtu anayekimbia hasomi mara mbili. Usiagize kwa kifupisho hata siku moja. Agiza kwa P/N, namba ya kipuri, kama ilivyo kwenye IPC, kitabu cha picha na namba za vipuri, na uangalie kama S/N ya ndege yako imo katika kundi linaloruhusiwa kutumia kipuri hicho.

TSO ndiyo inayochekesha kuliko zote. Kwenye kadi ya injini au propela, TSO ni saa zilizotumika tangu ilipofunguliwa na kufanyiwa ukarabati mkuu. Kwenye kibandiko cha kifaa, TSO ni kiwango cha chini kilichowekwa na mamlaka ya anga ya Marekani, na namba inayofuata hutaja ni kiwango kipi. TSO-C126 ni cha redio za dharura za ELT za masafa ya megahezi 406, TSO-C13 ni cha maboya ya kuvaa. Mwanagenzi mmoja aliwahi kujaza kwenye kadi kwamba ELT mpya kabisa ina saa 126 tangu ukarabati mkuu. Aliyekagua aliikuta, tukacheka, lakini laiti isingekutwa, kifaa kipya kingeanza maisha na historia ya uongo. Ukiona herufi C na kistari kabla ya namba, hizo si saa. Na ukitaka kuandika saa, tofautisha: TSN ni tangu kifaa kizaliwe, CSN ni mizunguko tangu kizaliwe, TSO na CSO ni tangu ukarabati mkuu.

Kwenye bolti, herufi moja ya mwisho inaweza kumaliza siku yako. AN3-5A na AN3-5 ukiziweka mkononi bila kutazama vizuri ni ndugu pacha. Namba 3 ni unene, sehemu tatu za kumi na sita za inchi. Namba 5 inahusu urefu. A inasema mwili wa bolti hauna tundu la pini ya kufungia. Isiyo na A ina tundu. Ukifunga yenye A mahali panapotakiwa nati yenye vijino na pini, hutapata pa kupitisha pini, na mwenye haraka ataiacha hivyo. Kuna C pia, AN3C, ya chuma kisichoshika kutu, na DD, ya aloi ya alumini. Kuweka DD mahali pa chuma ni kosa linaloweza kukaa kimya miezi kadhaa.

Na herufi O dhidi ya namba 0, I dhidi ya 1. Piga mkwaju ndani ya sifuri. Watu wa stoo watakushukuru, ingawa hawatakuambia.

Dalili: mafundi wawili wamesoma mstari mmoja na kuelewa mambo mawili

CB. Pwani ya Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, kila mtu anajua CB kwa maana ya marubani: wingu kubwa la radi linalosimama juu ya ziwa. Kwa fundi wa umeme, CB ni swichi ya kukata umeme inayoruka yenyewe mzigo ukizidi. "CB on approach, lost NAV 2." Je, alipita karibu na radi na redio ya kuongozea ikakatika, au swichi ya NAV 2 iliruka? Sababu moja inakupeleka kwenye antena na ukaguzi wa ndege iliyopigwa radi, nyingine kwenye waya unaogusana na bati. Katika hanga yetu tulikubaliana swichi iandikwe C/B, na mkwaju, pamoja na jina la paneli na safu yake. Na ukikuta C/B imeruka, usiirudishe ndani na kuondoka. Iliruka kwa sababu.

TAT ni joto la hewa linalopimwa na kipimo cha nje ndege ikienda mbio. TAT pia ni muda wa karakana kurudisha kifaa, au wa ndege kushusha na kupakia abiria. Mara nyingi sentensi yenyewe husaidia, lakini nimewahi kusoma barua iliyosema "TAT too high" na ikanichukua dakika nzima kujua kama ni kipimo kilichoharibika au ni karakana inayochelewa.

AME kwetu ni injinia wa matengenezo ya ndege mwenye leseni. Kwa marubani, AME ni daktari anayewapima afya. Rubani akikuambia AME amemzuia kuruka, usianze kumtafuta injinia wa zamu.

Dalili: ndege ni nzima, karatasi zimeisimamisha

MEL ni orodha ya vifaa ambavyo ndege inaruhusiwa kuruka vikiwa vimeharibika, kwa masharti na kwa muda maalumu. Daftari la vifaa vilivyoahirishwa namna hiyo lina majina mengi: ADD kwa wengine, DDL au HIL kwa wengine. Ukihamia shirika jipya, uliza siku ya kwanza jina la daftari hilo, maana nimeona mtu akitafuta ADD wakati kitabu kiko mbele yake kimeandikwa HIL.

Muda wa kutengeneza umewekwa kwa madaraja. A hufuata maneno yaliyoandikwa kwenye kifungu chenyewe. B ni siku 3, C ni siku 10, D ni siku 120. Siku ya kugundua haihesabiwi. Hadi hapo kila mtu anafahamu. Tatizo letu ni saa.

Sisi Uganda tuko saa tatu mbele ya UTC, ile saa ya dunia inayoandikwa na herufi Z. Juu ya hapo tuna saa zetu za Kiswahili, ambazo saa saba usiku ni 01:00. Sasa chukua hitilafu ya daraja B iliyogunduliwa Entebbe saa saba usiku wa kuamkia tarehe 5. Kwa saa za hapa ni tarehe 5, saa 01:00. Kwa Z ni tarehe 4, saa 22:00. Kama logi yenu inaendeshwa kwa Z, siku ya kugundua ni tarehe 4, zinazohesabiwa ni 5, 6 na 7, na muda unakatika tarehe 7 ikiisha kwa Z, ambayo hapa ni saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 8. Fundi aliyeangalia simu yake na kuhesabu kuanzia tarehe 5 atasema ndege ina ruhusa mpaka mwisho wa tarehe 8. Safari zote za mchana wa tarehe 8 zitakuwa zimefanywa bila ruhusa, na hakuna kilichoharibika zaidi ya herufi moja ambayo haikuandikwa. Andika Z baada ya saa, kila mara. Ukipokea simu ya "ilikataa saa mbili", uliza: saa mbili ya nani?

Tarehe nazo zina ugonjwa wake. 03/04 kwa Mmarekani ni Machi 4, kwetu ni Aprili 3. Mwezi uandike kwa herufi.

Dalili: bolti imekatika, au hesabu ya mafuta haikubaliani

Sababu ni kipimo kilichoachwa bila jina. "Torque 50", yaani nguvu ya kukaza bolti, haina maana mpaka useme 50 za nini. IN-LB (paundi-inchi) na FT-LB (paundi-futi) zinatofautiana mara 12, na mkono wako hautakuonya mpaka bolti ndogo ikatike. "Oil added 2" ni robo mbili za galoni au lita mbili? Robo ya galoni ya Marekani, ile inayoandikwa QT, ni lita 0.946, kwa hiyo leo tofauti ni ndogo. Lakini anayefuatilia injini inakunywa oili kiasi gani kwa saa mia ataona mchoro wake ukipanda na kushuka bila sababu. Galoni yenyewe ni mbili: ya Marekani lita 3.785, ya Uingereza lita 4.546, na wazee wetu wengi walisoma kwa ile ya Uingereza. Angalia pia kwamba US ya Marekani na U/S ya kifaa kibovu zinatofautishwa na mkwaju tu.

Mfano mkubwa wa ugonjwa huu ni wa 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada kutoka Montreal kwenda Edmonton. Nauanza kwenye hanga, ingawa wasimulizi wengi huuanza kwenye mafuta. Geji za mafuta zilikuwa na hitilafu, na fundi mmoja alikuwa amevuta C/B ya njia moja ili nyingine ifanye kazi, akaweka alama na kuandika. Fundi wa pili akairudisha ndani ili apime, akaitwa kwenye kazi nyingine, akaiacha hivyo. Geji zikazima zote. Maandishi yaliyokuwepo hayakumfanya rubani aelewe hali ilivyobadilika, na ndege ikaondoka kwa kupima mafuta kwa kijiti na hesabu. Zilihitajika kilo 22,300. Lita zikazidishwa kwa 1.77, ambayo ni paundi kwa lita, badala ya takriban 0.8, ambayo ni kilo kwa lita. Ndege ikaruka na chini ya nusu ya mafuta yake na injini zikazimika safarini. Rubani aliiteremsha kama nyiririko, ndege isiyo na injini, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, na hakufa mtu.

Dalili ndogo ndogo

Mkaguzi amerudisha kazi yako: yumkini uliandika IAW AMM, kwamba umefuata kitabu, bila kutaja kifungu wala toleo. IAW peke yake ni kiapo kisicho na msahafu.

Chumba cha abiria kina joto, umeshinda sura ya 21 siku nzima bila kupata kitu: namba za ATA, chama cha mashirika ya ndege ya Marekani, mpangilio uliokuja na hati yake ya ATA 100 mwaka 1956, zimegawa ndege kwa mifumo. 21 ni kiyoyozi, lakini hewa yake hutoka kwenye injini kupitia sura ya 36, mabomba ya hewa ya shinikizo. Mwandishi wa hitilafu huchagua sura kwa mahali alipohisi joto. Wewe rudi nyuma hadi chanzo.

Tairi lililobadilishwa ni zima na bovu bado liko: LH na RH. Kushoto na kulia huhesabiwa kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha rubani akitazama pua ya ndege, na injini namba 1 ni ya kushoto kabisa. Fundi akisimama mbele ya ndege na kuitazama, mkono wake wa kushoto unaelekea bawa la kulia. Ukishtukia umeanza kusita, panda ndani, kaa kwenye kiti, tazama mbele, taja upande kwa sauti, kisha ushuke ukaweke chaki kwenye tairi kabla ya kuchukua jeki.